Mbao Ituri na Kivu Kaskazini: Tronsonezi au msumeno wa kugeuka? Hesabu za kufanya kabla ya kununua

Gogo la libuyu lenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 4 lina ujazo unaopita kidogo mita za ujazo 3. Likiwa bado bichi, uzito wake ni kati ya tani 2 na nusu na tani 3. Ndani ya pori la Mambasa, saa kadhaa za kutembea kwa miguu kutoka barabara ya taifa namba 4, hakuna trakta wala kreni ya kulinyanyua. Ndiyo maana mashariki mwa Congo gogo haliendi kwenye mashine. Mashine ndiyo inafuata gogo pale lilipoangukia.

Kwa wapasuaji walio wengi, mashine hiyo ni tronsonezi, yaani msumeno wa mnyororo. Mpasuaji anavuta kamba iliyolowekwa katika mafuta machafu ya injini, anaipigisha juu ya gogo ili iache mstari mweusi, kisha anafuata mstari huo kwa mikono yake na macho yake. Hakuna reli, hakuna kipimo kingine. Fundi hodari anatoa mbao zilizonyooka. Asiyezoea anatoa mbao ambazo upande mmoja zina sentimita 3 na upande mwingine sentimita 5, na mwenye depo huko Beni au Butembo anazikataa au anazishusha bei.

Miaka hii, watu wanaofanya kazi ya mbao wanaona kwenye simu zao video za mashine ya aina nyingine: reli mbili zimewekwa juu ya gogo, injini inateleza kati yake, na msumeno wa duara unakata wima, unageuka, unakata mlalo, na ubao unatoka ukiwa tayari na pande zake nne. Swali linaloulizwa ndani ya mashirika ya wapasuaji na katika vijiji vyenye msitu wa jamii ni hili: je, mashine hiyo inafaa kuchangiwa pesa, na kama inafaa, ni ipi?

Si swali dogo. Mashine mpya ya namna hiyo inapita dola 10,000 kabla ya usafiri na ushuru. Kikundi kikikosea, hakuna wa kukirudishia pesa.

Inavyofanya kazi

Jina linalofaa kwa Kiswahili ni mashine ya msumeno wa kugeuka. Msumeno wenyewe ni sahani ya chuma yenye meno machache, iliyofungwa upande mmoja wa sanduku la gia. Mwendeshaji anasukuma injini kuelekea mwisho wa gogo huku msumeno ukiwa umesimama wima. Akifika, anavuta mkono mmoja wa chuma na msumeno unalala kwa pembe ya digrii 90. Anaporudi, unakata mlalo na kukutana na ule mkato wa kwanza kwenye kona. Ubao unaachana na gogo. Safari moja ya kwenda na kurudi, ubao mmoja.

Jambo kubwa hapo ni kwamba gogo halisogezwi wala halipinduliwi. Linalala juu ya vipande viwili vya mti, linazuiwa kwa kabari, basi. Mbao zinatolewa kuanzia juu, safu kwa safu, mpaka kinabaki kipande chembamba chini. Kwa mtu aliyewahi kupindua gogo la tani 2 kwa mikono na miti ya kuegemeza, tena katika tope la Biakato, hilo peke yake ni sababu ya kusikiliza.

Na kwa kuwa msumeno unakata kwa pembe mbili, mwendeshaji anaweza kubadilisha kipimo katikati ya gogo hilohilo: sehemu ya juu anatoa planshi nyembamba, katikati yenye kiini kibaya anatoa shevroni, pembeni anarudia planshi. Tronsonezi inaweza pia kufanya hivyo, lakini kila badiliko ni kamba mpya na mstari mpya.

Mbao zinazoishia kwenye unga

Sababu ya pili inaonekana chini, kwenye rundo la unga wa mbao. Mnyororo wa tronsonezi unakula karibu sentimita 1 ya mbao kila unapopita. Msumeno wa kugeuka unakula milimita 5 hadi 6. Msumeno wa mkanda, ule ambao chuma chake ni kama utepe mrefu, unakula milimita 2 hadi 3 tu.

Namba hizo zinaonekana ndogo mpaka zihesabiwe kwenye gogo. Tuchukue sehemu ya gogo yenye kimo cha sentimita 60, itakayopasuliwa planshi za unene wa sentimita 2.5. Kwa tronsonezi, kama mkono haukutetemeka hata mara moja, zitapatikana planshi 17. Lakini mkono unatetemeka, kwa hiyo wapasuaji wengi wenye busara wanakata sentimita 3 ili seremala apate nafasi ya kupiga randa, na hapo zinabaki 15. Kwa msumeno wa kugeuka ni planshi 19. Kwa msumeno wa mkanda ni 21.

Tofauti ya 15 na 19 ni planshi 4 katika safu moja tu, na gogo la mita 1 lina safu tatu au nne. Zote hizo ni mbao ambazo leo zinaachwa porini kama unga, na mti umekwisha kuangushwa.

Hata hivyo, hesabu hii isitumiwe kupita kiasi. Msumeno wa kugeuka unapoteza pia milimita 6 katika kila mkato wa wima kati ya safu na safu, na mabanzi ya pembeni yanabaki mabanzi kwa mashine yoyote. Zaidi ya hayo, faida inapatikana kama reli zimewekwa sawa. Reli zikiwekwa kichwa juu, mguu chini, mashine itatoa mbao mbaya kwa unyoofu mkubwa sana.

Lucas na Peterson

Majina mawili ndiyo yanayorudi kila mara mashine hizi zinapotajwa. Peterson inatengenezwa Rotorua, New Zealand, na ilianza mwaka 1989. Lucas Mill inatoka Wooragee, karibu na mji wa Beechworth katika jimbo la Victoria, Australia, ambako Rex Lucas aliibuni mwaka 1994. Nchi zote mbili zina magogo makubwa yanayolala mahali ambapo gari halifiki, na mashine zao zilizaliwa kutokana na shida hiyo.

Injini za petroli wanazotumia zinafanana, kwa kawaida za kampuni za Marekani kama Kohler na Briggs & Stratton. Vipimo navyo vinakaribiana. Modeli ya Lucas inayoitwa 8-30, kwa mfano, ina injini ya nguvu za farasi 30 na inakata kina cha milimita 215, kama inchi 8 na nusu. Ile ya 10-30 inafika milimita 260. Peterson nayo ina mashine za inchi 6, 8 na 10. Kwa hiyo anayelinganisha kwa kuangalia nguvu za farasi peke yake hatapata jibu.

Tofauti iko katika fremu, na inaonekana wakati wa kushusha msumeno kutoka safu moja kwenda nyingine. Kwa Lucas, reli za aluminiamu zinashikiliwa na miguu miwili, mmoja kila mwisho wa gogo, na kila mwisho una winchi yake. Mtu anashusha upande huu, kisha anatembea kwenda kushusha upande ule, au wanakuwa watu wawili na kila mmoja anabaki kwenye mwisho wake. Vitu vya kuharibika ni vichache. Ukiifungua, inakuwa vipande ambavyo vinapandishwa kwenye pikapu ndogo au kubebwa mmoja mmoja kwenye njia ya miguu. Kilicho kizito kweli ni injini na sanduku lake la gia.

Peterson imegawanya mashine zake kufuatana na kazi. Kuna ATS, nyepesi zaidi, iliyokusudiwa kubebwa hadi sehemu ngumu. Kuna WPF, ambayo reli zake zinakaa chini na kichwa cha msumeno kinapandishwa na kushushwa kwa winchi moja, bila kutembea kutoka mwisho hadi mwisho. Mtu mmoja anaweza kuifanyia kazi vizuri na safu zinakwenda haraka. Halafu kuna ASM, ambayo inajisukuma yenyewe kwa mota.

Kwa mtu wa Komanda au Biakato, hiyo ya mwisho ni ya kuangalia kwenye video tu. Kila mota na kila waya wa umeme ulioongezwa ni piyesi itakayohitajika siku moja, na duka la piyesi hizo halipo Bunia. WPF inafaa mahali ambapo magogo yanaletwa pamoja, kwa mfano pembeni ya barabara, ikawekwa na kufanya kazi wiki nzima. Kwa anayehama kutoka mti mmoja kwenda mwingine porini, chaguo halisi liko kati ya Lucas na ATS, na hapo mwenye kununua aangalie zaidi ni nani atamtumia meno na mikanda ya injini kwa haraka kuliko rangi ya mashine.

Kuhusu injini, kuna jambo ambalo wauzaji wa Australia hawalifikirii. Esansi nyingi inayotumika porini imenunuliwa kwenye chupa au bidoni pembeni ya barabara, na mara nyingine ina maji au uchafu. Injini yenye kabureta ya kawaida inafunguliwa na fundi wa moto, inapulizwa, inarudi kazini. Injini mpya zenye kupuliza mafuta kwa umeme zinatumia esansi kidogo zaidi, ila zikigoma katikati ya pori, fundi wa moto hana la kufanya. Anayeagiza akumbuke kuuliza.

Tatizo la sentimita 30

Soko la mbao la Butembo, Beni na hata ng'ambo ya mpaka, Uganda, limezoea ubao mpana. Inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, ni kipimo kinachojulikana sana kwenye depo. Sasa mashine ya milimita 215 haifiki sentimita 30. Hata ile kubwa ya milimita 260 haifiki.

Kuna njia ya kupita: kukata mara mbili. Mwendeshaji anakata mlalo kutoka upande mmoja, anageuza mashine, kisha anakata kutoka upande wa pili mpaka mikato ikutane katikati ya ubao. Kwa njia hiyo mashine ya milimita 215 inatoa ubao hadi wa milimita 430. Lakini muda unaongezeka, na kama msumeno haukusimamishwa sawasawa na reli, katikati ya ubao kunabaki ngazi ndogo ambayo kila mnunuzi ataipapasa kwa kidole na kuitumia kushusha bei.

Video za kwenye simu zinapita haraka sehemu hii. Kikundi kinachotaka kuuza mbao za inchi 12 tu kinapaswa kuona kwanza mashine ikikata mara mbili, mbele ya macho, katika gogo gumu. Kikundi kinachouzia maseremala wa karibu, wanaotengeneza milango, vitanda na madawati ya shule, hakina shida kubwa: mbao za sentimita 15 na 20 zinawatosha, na hizo mashine inazitoa kwa mkato mmoja.

Kuna pia suala la mgongo wa mbebaji. Planshi ya mita 4, upana sentimita 30 na unene sentimita 2.5, ikiwa mbichi, ina kilo 25 hadi 30. Madrie ya sentimita 5 ni mara mbili ya hapo. Ubao mwembamba zaidi unamaanisha safari nyingi zaidi, lakini pia unamaanisha kwamba kijana wa miaka 20 anafika barabarani bila kuvunjika shingo.

Magogo madogo ya Lubero ni habari nyingine

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanahusu miti mikubwa ya msitu wa asili. Ukipanda milima kuelekea Butembo na Lubero, mti unaopasuliwa zaidi ni eukaliptusi iliyopandwa na wakaaji wenyewe kwenye mashamba yao. Gogo lake mara nyingi lina sentimita 25, 30, labda 40. Huko msumeno wa kugeuka hauko nyumbani kwake.

Gogo dogo ni jepesi, kwa hiyo msumeno ukiingia kwa nguvu linatikisika, na lazima lifungwe kila mara. Muda wa kuweka reli juu ya gogo la mita za ujazo 3 unalipwa na mbao nyingi. Muda huohuo juu ya gogo la sentimita 30 unalipwa na planshi nne, tano. Eukaliptusi pia ina nguvu za ndani zinazovutana: ukitoa ubao upande mmoja, gogo linajikunja kama upinde. Kwa msumeno wowote hilo ni tatizo, ila kwenye gogo jembamba linaonekana zaidi, na dawa yake ni kupunguza pande zote mbili kwa zamu badala ya kumaliza upande mmoja.

Kwa magogo ya namna hiyo, mashine ya msumeno wa mkanda inashinda. Wood-Mizer ya Marekani, iliyoanza mwaka 1982, ndiyo inayojulikana zaidi, na kuna nyingine za bei nafuu kutoka China. Inakula milimita 2 hadi 3 tu, inatumia injini ndogo zaidi, na gogo la sentimita 40 watu wawili wanalipandisha kwenye kitanda chake kwa miti miwili ya kuteremshia. Lakini gogo la mita 1 hawalipandishi. Na mkanda ukigonga jiwe au msumari, siku ya mkanda huo imekwisha.

Jiwe si mfano wa kubuni. Mti wa iroko, ambao wengine wanauita mvule, unaweza kuwa na mawe ya chokaa ndani ya shina, yasiyoonekana kwa nje. Kila mpasuaji wa Ituri aliyewahi kuukata anajua ule mlio wa ghafla na cheche.

Nani ananoa?

Hapo ndipo meno ya msumeno wa kugeuka yanapoonyesha thamani yake, na ubaya wake pia. Kwenye ncha ya kila jino kumeunganishwa kipande cha tangsteni, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Meno hayo yanadumu kwenye mbao ngumu kuliko mnyororo, na maji kidogo yanayodondoka juu ya msumeno wakati wa kazi yanaupoza. Yakipoteza makali, yananolewa papo hapo bila kufungua msumeno, kwa kifaa kidogo chenye jiwe la almasi kinachotumia betri ya volti 12. Betri ya gari na paneli ya jua vinatosha.

Jino likivunjika kwa jiwe, msumeno hautupwi. Linaunganishwa jino jipya kwa waya wa fedha na moto wa gesi. Fundi mzuri wa sudire anaweza kujifunza kazi hiyo kwa siku chache. Lakini lazima awe na meno ya akiba, waya huo na dawa yake, na vitu hivyo havipatikani kwenye soko la Mambasa. Tronsonezi, kwa upande wake, inanolewa kwa tupa ya bei ndogo na kila kijana wa kazi anajua kuishika. Anayebadilisha mashine anabadilisha pia fundi, na mara nyingi kikundi kinakumbuka kulipia mashine na kusahau kumfundisha mnoaji.

Kwa hiyo wakati wa kulinganisha Lucas na Peterson, hesabu ya kweli inajumuisha misumeno angalau mitatu, mfuko wa meno, jiwe la almasi la pili, mikanda ya injini, filta na plagi za mwaka mzima. Bila hivyo, mashine ya bei nafuu itasimama mwezi wa tatu.

Papua New Guinea wanalijua hilo. Katika miaka ya 1980 kisiwani huko kulienezwa mashine ya mbao ya kubebwa iliyopewa jina la wokabaut somil, yaani mashine ya mbao inayotembea. Ilikuwa na msumeno mkubwa wa wima na mdogo wa mlalo pamoja, tofauti kidogo na hizi za kugeuka, lakini wazo lilikuwa hilohilo: vijiji vipasue miti yao wenyewe badala ya kuuza magogo kwa makampuni makubwa. Vijiji vingi vilipata mashine. Nyingi kati ya hizo zilikuja kusimama kwa kukosa piyesi, na kwa sababu pesa za mbao ziligawanywa zote bila kuweka akiba ya matengenezo.

Hesabu ya siku moja

Tuseme, kama mfano tu, kwamba mashine imefika kijijini ikiwa imegharimu dola 15,000 na itafanya kazi miaka 5, siku 150 kila mwaka, kwa kuwa mvua na barabara haziruhusu zaidi. Hizo ni siku 750. Kila siku ya kazi mashine inapaswa kuweka pembeni dola 20 ili siku itakapochoka kuwe na pesa ya kununua nyingine. Esansi, mafuta ya injini, posho za watu na meno havijaingia hapo.

Tronsonezi ya dola 1,000 inayochoka baada ya mwaka mmoja wa kazi hiyohiyo inahitaji dola 7 hivi kwa siku. Tofauti ni dola 13. Kila mmoja anajua bei ya planshi kwenye depo yake na anaweza kuona ni planshi ngapi za ziada zinazoifunika. Kwenye magogo makubwa na kazi ya kila siku, zinapatikana kabla ya saa sita. Kama mashine inakaa wiki tatu bila kuwashwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama, kwa sababu barabara ya Komanda imefungwa au kibali hakijatoka, hazipatikani kabisa, na tronsonezi inabaki chaguo la akili. Kuna pia wanaochagua njia ya katikati: kuifungia tronsonezi reli ya kuiongoza. Mbao zinanyooka, ingawa mnyororo unaendelea kula sentimita yake 1. Kwa kikundi chenye dola 2,000 mfukoni na si 15,000, hapo ndipo pa kuanzia.

Karatasi

Mashine yoyote haina maana bila haki ya kukata mti. Sheria ya misitu ya Agosti 29, 2002 na uamuzi wa waziri wa mwaka 2016 kuhusu uvunaji wa mbao vinamtaka mpasuaji mdogo awe na kibali cha kukata, kinachotiwa sahihi na gavana wa jimbo. Kabla ya kuagiza mashine yenye reli, ni vizuri kuuliza kwenye ofisi ya mazingira ya jimbo kibali kinachoombwa kinaruhusu vifaa gani, na jibu lipatikane kwa maandishi. Kwenye bariere, maneno ya mdomo hayasaidii.

Njia nyingine ni msitu wa jamii. Dekreti ya Agosti 2, 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake wa hadi hekta 50,000 na kuusimamia kwa mpango wake. Huko ndiko mashine ya pamoja ina nafasi ya kweli, kwa sababu miti ni ya wenye mashine na hawana haraka ya kuimaliza. Kwingineko wasiwasi wa watetezi wa mazingira una msingi: mashine inayopasua haraka inaweza pia kuangusha haraka. Planshi 4 za ziada kwa kila safu zinapunguza miti inayokatwa kama lengo ni idadi ya mbao. Kama lengo ni pesa zote zinazoweza kupatikana mwezi huu, hazipunguzi chochote.

Kuna pia mipaka isiyojadiliwa. Ndani ya Hifadhi ya Okapi, ambayo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1996, hakuna kibali cha kupasua mbao. Na miti ya jamii ya Khaya, ambayo mara nyingi inauzwa pamoja na libuyu, iliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hivyo kuivusha mpaka kunahitaji karatasi zake peke yake.

Mashine yenyewe, ikiagizwa kutoka Australia au New Zealand, kwa kawaida itapitia bandari ya Mombasa, ivuke Uganda na kuingia Kasindi. Kreti ifunguliwe pale pale mbele ya forodha, na vitu vihesabiwe moja moja kwa kufuata orodha ya muuzaji: misumeno, meno, mikanda, kifaa cha kunolea na jiwe lake la almasi. Pakiti ya meno inaingia kwenye mfuko wa koti, na bila pakiti hiyo zinazofika Mambasa ni reli mbili na injini.